Mohoro: Kitanzi Kilipoitangulia Kalamu

Kesi ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, iliharibiwa na haraka. Mfuatano wake tunaujua: mganga wa Ngarambe anakamatwa, anapelekwa bomani Mohoro kwa kosa la uhaini, na Agosti 4, 1905 ananyongwa pamoja na msaidizi wake, hata mwezi haujaisha tangu pamba ya Nandete ing'olewe na uasi dhidi ya Wajerumani kuanza. Mikononi mwa Wajerumani alikuwa mtu aliyeweza kueleza kuliko yeyote maji ya dawa yaligawiwaje, wajumbe walitumwa wapi na waliahidiwa nini. Mshtakiwa wa namna hiyo huhojiwa swali kwa swali, majibu yakaandikwa, na mashahidi wakatajwa kwa majina. Kilichotufikia ni tarehe, kosa na kamba. Kauli yake mwenyewe jaladani hatuna. Kadhi wa pwani akiamua ugomvi wa minazi mitatu aliandika nani kadai, nani kakana na nani kashuhudia, na majalada ya mahakama za kadhi Zanzibar yanasomeka hadi leo. Minazi ilipata haki ya karatasi. Roho ya mtu haikuipata.

Watetezi watasema ilikuwa vita, na kumchelewesha kungewapa wafuasi wake nguvu. Hoja hiyo kalenda inaikataa. Alinyongwa, na bado ndani ya Agosti hiyohiyo boma la Liwale lilianguka na la Mahenge likavamiwa. Septemba Wangoni nao wakaingia vitani. Simulizi zinasema aliwaambia Wajerumani kabisa kwamba dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Mfungwa anayekutajia ramani ya vita huku umemfunga, nawe unamnyonga! Hata kwa hesabu ya mkoloni mwenyewe, lilikuwa kosa.

Kwa anayetafuta nyaraka, orodha ya majalada ya Kijerumani ya Dar es Salaam, iliyochapwa Marburg 1973, ni kazi safi. Ila nimelisema sana na nitalirudia: tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 juu ya Kinjikitile ni sanaa, si mwenendo wa kesi, na kitabu cha 1909 cha von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita hivyo, ni utetezi wa mtu aliyekuwa upande mmoja wa shauri. Pengo la Mohoro lilianza kuzibwa na mwanahistoria Gwassa, aliyekaa na wazee waliokumbuka. Yeye na mwanahistoria mwenzake Iliffe wakatoa kumbukumbu hizo 1968. Uvumilivu ule siku hizi ni adimu. Anayeandika tasnifu juu ya Ngarambe aanze na kumbukumbu za wazee hao, ndipo amfungue Götzen.