Hongera kwa Wapigapicha wa Mueda

Kutoka Nhica do Rovuma, tunawapa hongera mafundi wa kamera wa filamu ya Ruy Guerra, Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979. Wenyeji wa Mueda, mkoani Cabo Delgado, waliigiza wenyewe mauaji ya 16 Juni 1960, mbele ya jengo la utawala wa Kireno. Kamera ilibebwa mkononi, ikajipenyeza kwenye umati; mara imgeukie mwigizaji anayemkejeli mkoloni, mara iwafuate watazamaji wanaocheka. Kutikisika kwake kunamfanya mtazamaji ajione yumo uwanjani. Kulenga uso wa mtu huku nawe unatembea kunataka pumzi iliyotulia, magoti yaliyolegea na jicho lisilochoka. Mafundi, kazi yenu imeitunzia Cabo Delgado kumbukumbu.