Tovuti ya duka Bunia: nani anashika funguo fundi akishalipwa

Katikati ya Oktoba 2020 jina scpt-network.com lilifika mwisho wa muda wake na hakuna aliyelilipia. Halikuwa jina la kuvutia, na mtu wa kawaida asingelifungua kamwe. Lakini seva zilizolibeba zilikuwa katika orodha ya zile zinazoielekeza dunia nzima kwenye tovuti zote zinazoishia na .cd, herufi za Kongo yetu. Mwishoni mwa Desemba mtafiti wa usalama Fredrik Almroth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliliona jina hilo limeachwa wazi, akalinunua yeye kabla mwizi hajalifikia. Angetaka, angeweza kunasa karibu nusu ya maombi ya watu wanaofungua tovuti za .cd. Badala yake, Januari 2021 aliwaarifu wasimamizi, nao wakahamishia kazi kwenye jina jipya, scpt-network.net.

Hapo hakuna seva iliyoungua wala neno la siri lililovunjwa. Ada ya mwaka ya jina moja ndiyo iliyosahauliwa. Fundi wa tovuti hapa Bunia akikisoma kisa hiki siku anapofunga mradi, atajua aanzie wapi.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi kando ya Boulevard de la Libération: mabati, misumari, rangi, saruji iliyopitia Mahagi kutoka Uganda. Tovuti yake ina kurasa tano, imejengwa kwa WordPress. Fundi anaifungua kwenye simu, mwenye duka anaona picha ya jengo lake, anacheka, anawaita jirani waone, anatoa salio la dola. Mafundi wengi huhesabu kwamba kazi imekwisha hapo. Kwa maoni yangu haijakwisha, kwa sababu mpaka saa hiyo hakuna aliyeuliza jina la tovuti limesajiliwa kwa nani.

Mara nyingi limesajiliwa kwa fundi mwenyewe, wala si kwa hila. Wasajili wengi wa ng'ambo wanadai kadi ya benki, na mwenye duka pesa zake ziko kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nyingine kwenye droo. Fundi ana kadi, au ana rafiki Kampala mwenye kadi, basi anajaza fomu kwa barua pepe yake ili mambo yaende. Mwaka mmoja baadaye barua ya kukumbusha malipo inaingia kwenye sanduku la fundi, ambaye huenda amehamia Kisangani au ameajiriwa na shirika na hana tena haja na duka lile.

Kwa majina ya .com ratiba ya kinachofuata inajulikana. Muda ukiisha, msajili anaweza kulishikilia jina hadi siku 45, ingawa wengine hufupisha. Kisha zinakuja siku 30 za kulikomboa, na ada ya ukombozi huwa kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kawaida. Halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote analichukua. Hesabu siku hizo kuanzia katikati ya Oktoba utaona kwa nini Almroth alilipata jina lile karibu na mwaka mpya. Wasimamizi wa .cd waliweza kuhamia jina jingine. Duka haliwezi kirahisi hivyo: jina limepakwa rangi ukutani, limechapwa kwenye fakitura na kwenye mlango wa pikapu.

Dawa yake ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Jina la .com huruhusiwa kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo, na kwa mwaka ni kati ya dola 10 na 20 hivi. Fundi aingize miaka mitano ya jina kwenye bei ya mradi tangu siku ya kwanza, alipe kwa kadi yake, arudishiwe na mwenye duka taslimu. Ada ya kuhifadhi tovuti itabaki ya kila mwaka, lakini hiyo ikikatika unaweza kuirudisha tovuti kutoka kwenye nakala rudufu. Jina likishachukuliwa na mwingine, nakala haisaidii chochote.

Anayeandikwa kuwa mmiliki awe mwenye duka au kampuni yake, kwa jina lilelile lililo kwenye RCCM, daftari la usajili wa biashara. Barua pepe ifunguliwe mpya kwa ajili ya duka tu. Hapa kuna mtego ninaouona sana: barua hiyo inafungwa kwa namba ya simu ya karani, au ya mtoto wa mwenye duka anayesoma Uganda. Karani anaondoka na laini yake. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao huichukua na kumpa mtu mwingine, na pamoja nayo inakwenda njia ya kurejesha neno la siri. Namba ya kurejesha iwe ile ambayo mwenye duka mwenyewe huipokea kila siku.

Cheti cha usalama, kile kinachotoa alama ya kufuli kwenye kivinjari, nacho kinataka jicho. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe kama seva imepangwa vizuri. Zamani kikikaribia kufa ulitumiwa barua ya kukuonya. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt wameacha kutuma barua hizo. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi, fundi asubiri aone cheti kimejihuisha angalau mara moja bila mkono wake. Ndiyo, hiyo ina maana mradi ufungwe miezi miwili au mitatu baada ya tovuti kufunguliwa, na sehemu ya salio isubiri. Mafundi watanung'unika.

Kuna makosa madogo ambayo hayaonekani mpaka mteja alalamike. La kwanza ni saa. Katika mipangilio ya WordPress fundi anatafuta Kongo, anakuta Kinshasa, anabonyeza. Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa, na eneo sahihi katika orodha ile ni Lubumbashi. Kama tovuti ina kibandiko cha kuonyesha duka liko wazi au limefungwa, itatangaza mlango umefungwa wakati vijana wameshaanza kupakia mabati.

Bei ni jambo zito zaidi, na hapo mimi nina upande. Duka la Bunia lisiandike bei kwenye tovuti. Bei ya mfuko wa saruji inafuata barabara, mpaka na thamani ya franga mbele ya dola. Ikibadilika Jumanne hakuna atakayeirekebisha kabla ya Ijumaa, na mteja atakuja na simu mkononi kudai ile ya zamani. Kila bidhaa ipewe kitufe cha WhatsApp badala yake. Kiungo cha wa.me kinataka namba ianze na 243, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, na kinaweza kubeba maneno yaliyokwisha kuandikwa, kwa mfano «Nimeona bati hili kwenye tovuti, bei gani leo?». Sentensi hiyo ndiyo kipimo cha mradi mzima. Mwisho wa mwezi mwenye duka anahesabu ujumbe ulioanza hivyo, bila kuhitaji michoro ya takwimu ambayo hataifungua.

Kitufe hicho pia kinaondoa haja ya fomu ya mawasiliano. Fomu hukusanya majina na namba za watu, na tangu Sheria ya kidijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, data za watu zina kanuni zake nchini. Duka dogo lisijitwike mzigo huo bila sababu.

Picha zipunguzwe. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ina mega tatu au nne. Kumi zikikaa ukurasa mmoja, mteja amekula mega zake kabla ya kuona misumari. Zikigeuzwa kuwa WebP na kupunguzwa upana, ukurasa mzima unaweza kukaa chini ya mega mbili. Orodha ya bidhaa ibaki pia kwenye simu ya duka, kwa siku ambayo mtandao haupo. Waliokuwapo wanakumbuka intaneti ilivyokatwa nchini tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya siku kama 20.

Ikibaki siku ya makabidhiano yenyewe, mambo ni machache. Karatasi moja iliyochapwa: msajili ni nani, seva iko wapi, tarehe za malipo, barua pepe ya duka. Neno la siri haliandikwi hapo, mwenye duka analibadilisha papo hapo na kuliweka anapojua yeye. Nakala rudufu iingie kwenye flashi ambayo imejaribiwa kwa kusimamisha tovuti upya mahali pengine, maana faili isiyofunguka ni uzito wa bure. Kisha fundi anafuta akaunti yake mwenyewe, mwenye duka anaingia peke yake, anabadilisha saa za Jumapili, anatoka. Ikimshinda, salio lisubiri.