Pombe ya Boga Iliyolazwa katika Pipa la Mwaloni

Pombe hii yajitangazia majina matatu kwa mara moja. Yaitwa porter, yaitwa ya boga, tena yaitwa ya mwaloni. Yatoka Marekani, ambako pombe za boga hutolewa kila mwaka siku za mavuno zikikaribia. Jina la kiwanda hatulitaji, kwa kuwa hatukusudii kumuuzia mtu bidhaa yake wala kumharibia. Tena ziko nyingi za namna hii, zafanana kama watoto wa tumbo moja. Twataka kuuliza neno moja tu: majina hayo matatu, je, yasema kweli mtu akiisha kuonja?

Porter ni neno la Kiingereza, maana yake mpagazi. Pombe ilipata jina hilo huko London, mwanzoni mwa karne ya 18, kwa sababu wapagazi wa mji ule, watu wa kubeba mizigo sokoni na kwenye meli, waliipenda kuliko zote. Ilikuwa ya rangi ya udongo, kwa maana kimea cha shayiri kilikaushwa motoni hata kikaiva sana. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipewa hati ya serikali kwa chombo chake cha kukaangia kimea, mfano wa kile cha kukaangia kahawa. Tangu hapo porter ikawa nyeusi kweli. Basi kwa jina hili la kwanza hatuna shauri. Tuliimimina, ikatoka nyeusi, povu lake la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, na harufu yake ya ukoko wa mkate ulioungua kidogo. Mpagazi wa kale angeitambua mara moja. Angeshangaa bei tu, kwani ni bei ya divai ya karamu, si ya kinywaji cha mtu aliyeshusha mzigo.

Sasa mwaloni. Wasomaji wetu wanaujua mti huu kwa kusoma habari za Abrahamu, ijapokuwa kwetu hauoti. Huko London ya zamani mwaloni haukutafutwa kwa ladha. Ulikuwa mbao za kutengenezea mapipa tu, na pombe ililazwa humo miezi mingi ili ikomae. Wenye viwanda walijenga mapipa makubwa kama nyumba, wakayaonea fahari. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda cha Meux karibu na Tottenham Court Road, duara moja la chuma lililofunga pipa lilianguka, na baadaye kidogo pipa lenyewe likapasuka. Pombe ikabomoa ukuta, ikaingia katika nyumba za maskini wa St Giles kama mto uliofurika. Watu 8 walikufa, wanawake na watoto. Wengine wao walikuwa wamekusanyika kuomboleza mtoto aliyefariki. Baraza likaamua kwamba ni ajali, hapana mwenye kosa. Kiwanda kilirudishiwa kodi ya pombe iliyopotea. Kila tusikiapo mtu akisifu mapipa ya zamani kana kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa matamu, twakumbuka habari hiyo.

Mbao zile zilikuwa na wenyeji wao vilevile. Mwaka 1904 mtaalamu wa kiwanda cha Carlsberg, Hjelte Claussen, alitangaza namna ya hamira aliyoikuta katika pombe za Kiingereza zilizowekwa siku nyingi. Akaiita Brettanomyces, yaani kuvu ya Kiingereza. Hiyo ndiyo iliyoipa porter iliyokomaa ule ukali wake na harufu ya ngozi na zizi.

Katika pombe tuliyoonja hakuna hata alama ya hayo. Pipa lake ni la namna nyingine. Sheria ya Marekani yaagiza kwamba pombe kali ya mahindi iitwayo bourbon ilazwe katika mwaloni mpya uliochomwa ndani. Likiisha kutumika, pipa hilo halifai tena kwa bourbon, na wenye kiwanda huliuza. Ndivyo wapishi wa bia wanavyoyapata mapipa haya. Mbao zilizochomwa zatoa harufu ya vanila na ya nazi, na bourbon iliyonyonywa na mbao nayo yatoka polepole. Ladha hiyo ni nzuri, hatukatai. Inakaa ulimini muda mrefu, nayo yapatana na kimea cheusi kama maziwa na kahawa. Lakini twaona kwamba hapa mwaloni wasema kwa sauti ya mgeni aliyelala kwake kwanza. Anayedhani anaonja mti, kwa sehemu kubwa aonja bourbon.

Twafika kwenye boga, na hapa ndipo penye ugomvi.

Boga ni zao la Amerika tangu asili. Waingereza wa kwanza waliohamia huko katika karne ya 17 walikosa kimea cha kutosha, wakatafuta kitu chochote chenye sukari ili wapate pombe. Boga lilikuwa tele mashambani, wakalitumia. Haikuwa anasa, ilikuwa shida. Shayiri ilipopatikana kwa wingi waliliacha, na desturi ile ikafifia. Ni katika miaka ya 1980 tu Bill Owens, wa kiwanda kidogo cha Buffalo Bill's huko Hayward, California, alipoifufua. Akapika boga pamoja na kimea, akangoja, akaonja. Ladha ya boga haikuwamo kabisa! Ndipo akatafuta viungo ambavyo Wamarekani hutia katika mkate wao mtamu wa boga: mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Watu wakanywa, wakasema: kweli, hili ni boga.

Mama zetu wa Katanga wanaweza kueleza kwa nini ladha ilipotea. Anayepika munkoyo huchemsha uji wa mahindi, kisha hutia mizizi, na ule uji mzito hugeuka maji matamu. Mizizi imevunja wanga kuwa sukari. Kimea cha shayiri chafanya kazi iyo hiyo juu ya boga. Baadaye huja hamira na kula ile sukari. Na boga, ukiondoa sukari na wanga, labakiwa na nini? Maji, nyuzi, na harufu hafifu isiyoweza kushindana na kimea kilichokaangwa, sembuse na pipa la bourbon.

Kwa hiyo aliyenunua chupa hii kwa sababu ya boga amepewa sanduku la viungo. Tuliponywa ikiwa baridi, karafuu ilitangulia yote, hata ulimi ukafa ganzi kidogo. Sisi karafuu ya Unguja na Pemba twaijua katika pilau, nayo mpishi huihesabu punje kwa punje. Huyu hakuhesabu. Mtu atatuambia: lakini boga limo kweli katika sufuria, uongo uko wapi? Limo, twakubali. Ila jina la chakula ni ahadi kwa ulimi, si hesabu ya vitu vilivyotupwa chunguni.

Hata hivyo tusiionee. Tuliiacha ikapoteza baridi, karibu nusu saa, na karafuu ikanyenyekea. Hapo tulikuta unene laini, kama ule wa mchuzi uliopondewa boga, ambao hatuukuti katika porter nyingine. Twadhani hapo ndipo boga lilipojificha, katika uzito wa kinywaji, wala si katika ladha yake. Aliye na haraka hatalipata.

Na haraka ni hatari kwa sababu nyingine. Kibandiko chaonyesha asilimia 9, kwa herufi ndogo chini ya picha kubwa ya boga linalocheka. Chupa ni ya sentilita 65. Aliyezoea bia ya asilimia 5 ajue kwamba chupa hii moja inakaribia kuwa mbili za kwake. Pombe chungu humwonya mnywaji mwenyewe. Hii tamu haimwonyi. Kijana aivutaye kama sharubati ataijua nguvu yake wakati wa kusimama. Kosa hili twaliona kubwa kuliko lile la karafuu, na dawa yake ni rahisi: boga la picha lipunguzwe, tarakimu ya 9 ikuzwe.

Kama mwenye kiwanda angetuuliza, tungemwambia akate viungo nusu, na pipa alitumie mara ya pili au ya tatu, likiisha kusahau bourbon. Porter anayo tayari, tena njema. Kwa sasa, wenye kuinunua wagawane chupa moja watu wanne, baada ya chakula, wala wasiitie katika barafu.