Neno "Squatter" katika Out of Africa

Uhakiki wa Out of Africa (1937) ya Karen Blixen kwa kawaida huanzia mandhari ya Ngong. Neno "squatter" hupitwa tu, ingawa yumkini ndilo linalobeba mgogoro wa kitabu kizima. Katika Kiingereza cha sheria, neno hilo humtaja akaliaye ardhi isiyo yake bila hati. Katika Australia ya karne ya 19 lilifikia kuwa jina la wafugaji matajiri. Katika Kenya ya kikoloni lilikuwa na maana mahususi: Mwafrika aliyeruhusiwa kulima na kufuga katika shamba la mlowezi, kwa sharti la kumfanyia kazi siku kadha wa kadha kila mwaka.

Blixen, aliyesimamia ekari 6,000 ambazo takriban 1,000 zilikuwa za maskwota, anaifafanua maana hii ya tatu mapema, kisha papo hapo anaigeuza. Wengi wao walizaliwa pale, kama baba zao. Basi huenda, asema, walimwona yeye kuwa ndiye skwota, ila wa daraja la juu. Ni rahisi kuusoma mgeuzo huo kama ungamo. Lakini msimulizi hasemi kwamba yeye ni skwota. Anasema kuwa wengine huenda walidhani hivyo. Ukweli wa kihistoria unaingizwa kama dhana ya watu wengine, tena kwa utani, na umiliki unabaki salama.

Utani huo haupo katika sehemu ya mwisho. Shamba lilipouzwa, maskwota walitakiwa kuhama, na sheria haikuwaruhusu kununua ardhi. Blixen anasimulia alivyozunguka katika ofisi za serikali mjini Nairobi akiomba wasitawanywe, hadi walipotengewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Juhudi hizo zilikuwa za kweli, na mhakiki hana budi kuzikiri. Hata hivyo, skwota wa daraja la juu alikuwa na Denmark ya kurudi.

Katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre (1993), Ngũgĩ wa Thiong'o anaishambulia taswira ya mpishi Kamante. Lawama hiyo ni ya haki, ila neno hili lingempa hoja nzito zaidi, hasa kwa kuwa riwaya yake mwenyewe, Weep Not, Child (1964), ina istilahi inayofaa. Ngotho ni muhoi katika ardhi ya Jacobo, na kibarua wa Howlands katika ardhi ya mababu zake. Muhoi, kwa desturi ya Wagikuyu, ni aliyeomba pa kulima akapewa: ana haki ya kutumia, hana haki ya kuuza. Yamkini hivyo ndivyo wenyeji wa Ngong walivyomwona Blixen, naye akakosa neno la Kiingereza la kulitaja jambo hilo. Shamba liliuzwa mwaka 1931, likakatwa viwanja vya mtaa ambao leo unaitwa Karen.