Meno ya Popi, Sindano ya Fundi

Mtoto wa mbwa akiingia nyumba ya mabati ya futi 10 kwa 10 hapa Mukuru kwa Reuben, uwanja wake wa utundu ni mmoja tu: uvunguni mwa kitanda. Na uvunguni ndiko viatu vinakolala. Usiku wa Jumapili, sisi tukikoroma, wetu alijichagulia kimoja akakishughulikia hadi alfajiri. Asubuhi kijana wangu akachomoa kiatu cha shule cha kushoto, cheusi, cha ngozi, kilichonunuliwa muhula ule ule. Ulimi haukuwepo. Nyuma, panapokumbatia kisigino, palikuwa pamebaki nyuzi na utando wa gundi. Cha kulia kilikuwa kizima, kinang'aa. Mkosaji alikuwa amekilalia, anatikisa mkia.

Jina lake ni Popi, na wala hatukulichagua. Watoto wa mtaa huu humwita Popi kila mbwa, awe wa juzi au jibwa zee la kulinda godauni. Mimi nilipendekeza Simba. Nikashindwa kwa kura.

Sasa najua kilichokuwa kikimsumbua. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya maziwa, membamba kama miiba, na akikaribia miezi minne huanza kuyang'oa moja moja ili yaote 42 ya ukubwani. Fizi humwasha. Hutafuna mguu wa meza, hutafuna sabuni, hutafuna pindo la leso ya mama mtu akiwa ameivaa. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu elimu hiyo sikuwa nayo. Nilichojua ni kwamba imefika saa kumi na mbili na mtoto ana kiatu kimoja.

Fundi wetu wa viatu hukaa kwenye njia inayotokea upande wa Enterprise Road. Ana mwavuli uliopauka, kigoda, gunia la soli kuukuu na chuma chake cha miguu mitatu. Hufungua kukiwa bado na giza, kwa sababu wateja wake ni vibarua wanaokwenda viwandani kwa miguu. Soli ikiachia njiani, hasa mvua ndefu zikianza na ule udongo mweusi wa Embakasi kushika kiatu kama unakidai, mtu anafika langoni amechelewa na kibarua kimepewa mwingine. Kwa hiyo watu humpitia kwanza yeye, chai baadaye.

Alikipokea kiatu, akakigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye jeraha.

"Huyu si panya," akasema. "Panya hukata kama makasi. Huyu anavuta. Ana miezi mingapi, mitatu?"

"Anaelekea minne, mzee."

"Basi bado utakuja."

Nimewahi kuona watu wakisoma mambo mengi, lakini sijaona anayesoma kama fundi wa viatu. Ukimpa kiatu atakuambia unakanyaga kwa upande gani, kama unaendesha bodaboda, kama ulikianika jikoni badala ya kivulini. Halaumu. Mganga atakuuliza ulikula nini, fundi wa nguo atakuuliza mbona umenenepa. Huyu huona palipobaki pazima, akaanzia hapo. Alikata kwa kisu kila kilichotafunwa hadi akafikia ngozi isiyo na alama ya jino. Kiatu kikaonekana kibaya zaidi kuliko nilivyokileta, moyo ukanidunda. Kisha akachagua kipande kutoka kwenye mabaki ya buti fulani lililokwisha kufa, akakipima kwa macho, hakutumia rula, akakikata mara moja.

Gundi ndiyo sehemu inayowashinda wasio na subira, nami nikiwa mmoja wao. Alikwaruza ngozi zote mbili kwa msasa, kwa kuwa gundi haishiki panapoteleza. Akapaka huku na huku, halafu akaviweka kando. Nikamwambia abandike, mtoto anachelewa. Hakunijibu. Gundi ile haitaki kubandikwa ikiwa mbichi; inasubiriwa hadi ikiguswa isinate kidoleni, ndipo inabandikwa na kugongwa nyundo. Mkebe wake hufunikwa kila mara na hukaa katikati ya miguu yake, asije akaunyakua mtoto wa mtu akaenda kuvuta mvuke wake. Nairobi imepoteza watoto wengi kwa mikebe ya namna hiyo, na fundi anayefunika wa kwake anastahili sifa hata kabla hajashona.

Halafu ikaja sindano. Kamusi zinaiita msharasi. Pale kibandani ni sindano tu, chuma chenye mpini wa mbao na kijino cha ndoano nchani. Uzi wa nailoni, uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa, hukaa ndani ya kiatu, mkono wa kushoto ukiushika gizani. Sindano inatoboa kutoka nje, inaunasa uzi, inauvuta juu kama kitanzi. Ncha ya pili ya uzi inapita ndani ya kitanzi. Pande zote zinavutwa kwa nguvu mpaka fundo linazama ndani ya ngozi. Kila mshono umejifunga wenyewe. Ukikatika mmoja, wa jirani haufumuki. Nilihesabu mishono 31 kuzunguka kile kiraka, umbali kati ya mmoja na mwingine ukiwa ule ule, na mtu mwenyewe alikuwa akimsalimia kila mpita njia.

Alipomaliza akaniuliza: "Nizungushe na soli? Vyote viwili?" Wenyeji wanaelewa swali hilo. Viatu vya siku hizi vingi vimebandikwa tu, havikushonwa, na mtu mwangalifu akinunua kipya hukipeleka kwa fundi kizungushiwe uzi kabla hakijakanyaga matope. Mimi sikuwa nimefanya hivyo. Nikapiga hesabu ya mfukoni, nikamwambia ashone hiki cha kushoto, cha kulia hakina neno.

Wiki iliyofuata Popi alihamia kwenye patipati. Katika ploti yetu milango imetazamana, na kila mlango una ndara zake nje. Usiku alibeba ndara moja ya kiume ya mpangaji wa mlango wa tatu, akaitua kwa adabu mbele ya mlango wa saba, anakoishi dada mmoja asiye na mume. Kulipokucha, kabla ya chai, ploti nzima ilikuwa imeshatoa hukumu. Mke wa mlango wa tatu aliongea hadi saa nne. Kilichomwokoa mume ni meno: mama watoto wangu aliichukua ndara, akaonyesha vitundu pembeni, akasema maneno ya fundi, huyu si mtu, huyu anavuta. Sijui kama ndoa ile ilipona kabisa, lakini ndara ilipona. Nililipa mimi.

Safari hiyo nilimbeba Popi mwenyewe, nikidhani fundi atacheka. Alirudisha mkono nyuma. "Amechanjwa?" Nikasema bado. Basi nikahubiriwa mbele ya wateja. Kichaa cha mbwa si mgeni hapa: kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa wa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kinga ni chanjo, mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtoto aking'atwa, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dakika 15 za maji ni nyingi panapouzwa maji kwa mtungi. Fundi alisema mtungi ni bei ndogo. Jumamosi yake Popi alidungwa, akapiga kelele iliyofika Kwa Njenga.

Nilimwomba fundi kipande cha ngozi kuukuu, Popi awe anatafuna hicho. Akakataa: mbwa hajui tofauti ya kiatu kilichostaafu na kilicho kazini. Alinifungia mafundo matatu kwenye kamba nene ya katani, hakunitoza kitu, na tangu hapo uvungu una amani, au tuseme una mapatano.

Viatu vile sasa vimemfikia mdogo mtu. Mwezi jana soli ya cha kulia, ambacho Popi hakukigusa, iliachia kwenye matope na kubaki nyuma kama ulimi wa ng'ombe. Cha kushoto hakijalegea mshono hata mmoja.