Shadowgun: Mchezo Uliopoteza Hadithi Yake

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo yatufaa tunapohakiki michezo miwili ya simu iliyotungwa na kampuni moja, Madfinger Games ya mjini Brno, Ucheki. Wa kwanza ni Shadowgun Legends, uliotoka mwaka 2018 na kupendwa sana. Wa pili ni Shadowgun War Games, ulioufuata mwaka 2020. Huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha ana haja gani na michezo ya bunduki. Jibu letu ni kwamba hapa Kampala baadhi ya wanafunzi wetu huipa michezo ya namna hii saa ambazo hawavipi vitabu. Hatuna budi, basi, kuipima kwa mizani ile ile ya maudhui na fani.

Maudhui

Shadowgun ya awali ilitoka mwaka 2011. Mhusika wake mkuu, John Slade, alikuwa msakaji wa wahalifu kwa malipo, naye alitumwa kumkamata Dkt. Edgar Simon, mwanasayansi mwovu aliyejichimbia ngomeni pamoja na jeshi lake la viumbe wa kutisha. Kisa kilikuwa chepesi, lakini kilikuwa na mwanzo, vikwazo na mwisho.

Legends ulikwenda mbali zaidi. Humo mchezaji alijiumbia mhusika wake mwenyewe, akamchagulia sura na mavazi, kisha akampeleka katika sayari mbalimbali kupigana na wavamizi waitwao Torment. Kila kazi aliyoitimiza ilimwongezea sifa. Watu walimshangilia apitapo, na hatimaye alisimamishiwa sanamu. Ndani ya mzaha huo mlikuwa na dhihaka: shujaa wa vita amegeuka mtu wa matangazo, na umaarufu umeupita wajibu. Hiyo ni dhamira ambayo mwanafunzi anaweza kuijadili darasani.

War Games haukuwa na dhamira ya namna hiyo. Timu mbili za watu watano watano zilikutana, zikapigana risasi au zikanyang'anyana bendera, mchezo ukaisha. Slade na Sara, yule msaidizi wake wa kimashine wa mwaka 2011, walirudishwa, lakini walirudi bila kisa. Walibaki majina na silaha tu.

Fani

Haki itendeke. Picha za War Games zilikuwa safi, mwendo wake mwepesi, na kila mhusika alikuwa na ujuzi wake, hata ikawabidi wachezaji washirikiane. Upungufu ulikuwa katika ujenzi wa wahusika. Katika Legends mhusika alikua pamoja na mchezaji; katika War Games mchezaji aliazima mhusika aliyekwisha kuundwa na wengine.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mashindano tu, na mashindano hayahitaji hadithi. Hatukubaliani nao. Express na SC Villa wakikutana, mashabiki huingia uwanjani na kumbukumbu za miaka mingi. Babu alikuwapo, na mjukuu amesimuliwa. Watu kumi wasiojuana, wanaokutanishwa na mtambo kwa dakika chache kisha wakatawanyika, hawana la kusimuliana.

Jambo hili nililishuhudia darasani. Niliwataka wanafunzi wa kidato cha tatu waliocheza michezo yote miwili waandike insha juu ya kila mmoja. Insha za Legends zilijaa kiambishi -ka- cha masimulizi: nikashuka, nikawakuta, nikakimbia, wakanifuata. Insha za War Games zilikwisha kabla ya nusu ukurasa. Mmoja aliandika: "Nilipiga watu saba. Tulishinda." Nilipomtaka aendelee, alinitazama akasema, "Mwalimu, ndiyo yote." Mtoto huyo hakukosa msamiati. Alikosa kisa.

Hitimisho

Kwa maoni yetu, watunzi wa War Games walifaulu kutengeneza kiwanja, wakashindwa kutunga kazi inayostahili jina la mtangulizi wake. Hasara hii si ya wachezaji peke yao. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, tumekuwa tukitafuta vitu ambavyo mwanafunzi angependa kuvisimulia kwa lugha hii bila kushurutishwa. Mchezo wa simu wenye hadithi ungeweza kuwa mmojawapo.

Hata hivyo, hatuwashauri walimu wenzetu waipige marufuku michezo hii na kuishia hapo. Afadhali mwalimu awaambie wanafunzi wake hivi: Slade amerudi, naye hana kisa. Mwandikieni kisa chake kwa kurasa mbili, aanzie alikotoka na aishie alikofika.