Kuchanga Karata za Kumi

Kazi huanza kwa kuchagua boksi. Katika kata ya Nyamigogo, wilayani Biharamulo, karata za darasa la kwanza hazinunuliwi. Zinatoka kwenye boksi la sabuni au la biskuti lililoombwa kwa mwenye duka. Lisiwe limewahi kulowa, maana hata likikauka linabaki limeumuka na halikatiki vizuri. Na pakiti nzima itoke kwenye boksi moja, ili migongo ifanane. Ukichanganya mawili, wiki haiishi watoto watakuwa wanaijua tisa hata kabla haijafunuliwa.

Mwalimu ninayemsema hapa huzikata mwenyewe jioni, kwa wembe na rula ya chuma. Kila karata ina upana wa vidole vitatu, kwa kuwa mkono wa mtoto wa miaka sita ukishika kubwa zaidi ya hapo zinamponyoka. Pembe huzipunguza kwa mkasi. Pembe kali ndizo za kwanza kuchambuka. Kisha zinakuja nukta, na hizi hazichori. Anachovya kitako cha kalamu kwenye wino wa muhuri, anagonga, anachovya tena, anagonga, na zote zinatoka sawasawa kwa ukubwa. Nimemwona akitupa karata nzima kwa sababu nukta moja ilivuja ikagusana na mwenzake. Ukimtazama mtu akigonga nukta mia moja na themanini kwa utulivu ule, unajua kuwa kwake hii si kazi ya kumaliza tu ili mkaguzi akija aone zana.

Hesabu yenyewe imejificha kwenye mpangilio wa nukta hizo. Karata za dukani huipanga saba kwa namna inayopendeza jicho la mtu mzima. Za kwake zina kanuni moja: tano hukaa juu kwa mstari, kinachozidi kinashuka chini. Saba ni tano juu na mbili chini. Nane ni tano juu na tatu chini. Sasa ziweke pamoja: tano mbili za juu ni kumi, mbili na tatu za chini ni tano. Kumi na tano imeonekana kabla mtu hajaanza kuhesabu. Mtoto aliyekaa na karata hizo muhula mmoja hanyooshi vidole akiulizwa saba na nane, na ukimwuliza amejuaje, atakuonyesha hewani kwa kiganja: hapa kumi, hapa tano.

Mchezo unaochezwa zaidi huitwa Kumi tu. Karata ni thelathini na sita, kuanzia moja hadi tisa, kila namba mara nne. Wanne wanakaa kwenye mkeka, kumi na mbili zinafunuliwa katikati, zilizobaki zinawekwa fungu. Kwa zamu, kila mmoja anaokota mbili zinazofanya kumi, na nafasi zinajazwa kutoka kwenye fungu. Ikikosekana jozi, inafunuliwa moja zaidi. Basi. Hakuna sheria nyingine ya kukariri, na hilo ni la busara kwenye darasa lenye watoto wengi. Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika nchi nzima, na mchezo unaohitaji mwalimu asimame juu ya kila mkeka haufai kitu.

Uzuri wa pakiti hiyo unakuja mwishoni. Moja nne zina tisa nne za kwenda nazo, mbili zina nane, tatu zina saba, nne zina sita, na tano zinakamatana zenyewe. Kila mtu akijumlisha sawasawa, mkeka unabaki mtupu. Ukibaki na karata, kuna mtu amekosea huko nyuma, na karata zenyewe zinamsema. Siku moja zilibaki tatu na nane. Watoto wakaanza kutuhumiana. Mwalimu alizitazama kidogo, akasema bila hata kuinama: “Kuna mtu ana saba na mbili kwenye rundo lake. Mtafuteni.” Wakapekua, wakazikuta. Watoto wakamtazama kama mganga, na kwa wiki hiyo hakuna aliyethubutu kupunja. Lakini ni hesabu ya kawaida kabisa: tatu imekosa saba yake, nane imekosa mbili yake, kwa hiyo saba na mbili zimeondoka pamoja zikidhaniwa ni kumi. Baada ya muda watoto wenyewe wakaanza kuzisoma karata zilizobaki, na hapo walikuwa wakitoa, wala hakuna aliyewaambia kwamba somo la kutoa limeanza.

Muda mwingi uliobaki mwalimu hasemi. Anapita kati ya mikeka akisikiliza midomo. Yuko anayeiona sita na nne na kuanza upya, moja, mbili, tatu, kidole juu ya kila nukta. Yuko anayeishika sita kichwani na kuendelea: saba, nane, tisa, kumi. Na yuko ambaye ameshaziokota kabla wewe hujamaliza kuzitazama. Wote watatu wana jibu moja, na kwenye daftari wote wangepata vema. Kwenye mkeka wanaonekana walivyo. Kwa yule wa kwanza mwalimu hatoi hotuba. Anakuja kimya, anaondoa tano hadi tisa zote, anamwachia moja, mbili, tatu na nne, na kumwambia leo mnatafuta tano. Akishaizoea, tano inarudi na wanatafuta sita, kisha sita inarudi na wanatafuta saba. Kuchanga karata, kwa mwalimu huyu, maana yake ni kujua zipi zitoke na zirudi lini. Hicho ndicho kipaji chenyewe, na sidhani kama kuna semina inayoweza kumaliza kukifundisha.

Wengine duniani wameipita njia hiyo. Constance Kamii, aliyesoma kwa Jean Piaget, alichapisha mwaka 1985 kitabu kinachotetea michezo ya namna hii badala ya karatasi za mazoezi. Mmoja wa michezo yake ni vita vya karata mbilimbili: kila mtoto anafunua mbili, anajumlisha, mwenye jumla kubwa anazoa zote nne. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto aliyepingwa na mwenzake hulazimika kutetea jibu lake, wakati aliyepigwa mkasi mwekundu na mwalimu hunyamaza tu. Pale Nyamigogo utetezi huo unasikika hadi nje ya dirisha. “Acha nihesabu mwenyewe!” ndiyo sentensi inayorudiwa kuliko zote.

Wazazi hawakuupokea mchezo huu bila maneno. Karata ni karata, na watu wameshaona minadani jamaa wa karata tatu wakiwaacha wenzao bila nauli. Mama mmoja alikuja shuleni na kanga yake imefungwa kwa hasira: “Mwalimu, mwanangu nimemleta asome au umfundishe kamari?” Alijibiwa kwa upole, “Karibu mama, kaa ucheze raundi moja.” Akakaa. Mwanawe akamshinda. Sheria iliyobaki baada ya siku ile ni kwamba hakuna kuweka dau la aina yoyote, hata embe, na naona ni sheria sahihi. Mtoto anayecheza kwa ajili ya embe anaanza kuliwaza embe.

Ila ukweli ni kwamba hesabu za karata zilikuwapo wilayani humo kabla ya boksi lolote kukatwa. Nenda Lusahunga jioni, yanapoegeshwa malori yaendayo Rusumo na Kabanga, uwatazame vijana wa bodaboda na matingo wakicheza arbastini. Nane, tisa na kumi zimewekwa pembeni. Ree ni kumi na moja, saba ni kumi, mfalme nne, jeki tatu, malkia mbili. Kopa peke yake ina thelathini. Ongeza uru, shupaza na pau, unapata 120, na anayevuka sitini ameshinda. Kijana anafunua rundo lake na kulisoma kwa kasi, kumi na moja, ishirini na moja, ishirini na tano, ishirini na nane, hajakosea, na mpinzani wake anajua jumla hata kabla haijatajwa kwa sababu ameshaitoa ya kwake kwenye 120. Wengi wao watakuambia hesabu iliwashinda shuleni. Mwalimu wetu aliwahi kuwa mtazamaji pale, na alichoondoka nacho ni swali: kama mtu anaweza kujumlisha hivi, nani alimwambia hawezi?

Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza mwaka 2015 uliwataka watoto wa madarasa mawili ya kwanza wajifunze kwa vitendo na zana. Jumlisho za namba moja hadi tisa, usiporudia, ni arobaini na tano tu. Pakiti moja iliyochangwa vizuri inazipitisha zote mbele ya mtoto ndani ya siku chache, mara nyingi kuliko ubao unavyoweza.

Pakiti hizo hazidumu. Udongo mwekundu unaingia kwenye nyuzi za boksi, mvua zikianza zinavimba, na karata moja moja zinapata alama mgongoni: doa la mafuta, pembe iliyotafunwa, alama ya jino. Nilidhani mwalimu atazibadilisha mara moja, kwa jinsi alivyohangaika migongo ifanane. Hazibadilishi haraka. Msichana mmoja ana nne mkononi, anacheza namna nyingine ya mchezo, ya kufunika karata zote, na macho yake hayaendi kwenye namba maana hakuna namba ya kuona. Anatafuta doa la mafuta. Sita ndiyo yenye doa, na yeye anajua ni sita anayoitaka. “Anaiba,” nikamnong’oneza mwalimu. “Ndiyo,” akanijibu, “lakini kwanza imembidi ajue cha kuiba.”